Maswali ya Wasomaji: Johnson, Dempsey na Yule Aliyenyimwa Zamu

SWALI: Assalaam alaykum mzee wangu. Tangu ngumi ziliporuhusiwa tena hapa Zanzibar, barazani kwetu hakuna mazungumzo mengine. Ami yangu anashikilia kuwa bondia bora wa uzito wa juu wa mwanzo wa karne iliyopita ni Jack Dempsey. Anasema Jack Johnson, yule bingwa mweusi wa Marekani, alipewa wazee wa kupiga, akawakimbia vijana, na mwisho akauza pambano la Havana. Mimi niko na Johnson. Tuamulie.
*Msomaji, Wete, Pemba*

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Haki iko upande wako, ila ami yako ana hoja moja nzito na nitaifikia. Mimi nimekulia Ng'ambo wakati ngumi zimepigwa marufuku Visiwani. Ulingo hatukuwa nao, tulikuwa na redio na magazeti ya zamani, na ubishi huu nimeubeba tangu ujana.

Hao wazee, nadhani ami anamkusudia Jim Jeffries, aliyepigwa na Johnson mjini Reno, Marekani, tarehe 4 Julai 1910, raundi ya 15. Kweli Jeffries alikuwa amekaa karibu miaka sita bila pambano, na ilimbidi apunguze mwili mwingi kabla ya kurudi. Lakini nani aliyemchelewesha? Alipokuwa bingwa alikataa katakata kupigania ubingwa na mtu mweusi, akastaafu 1905 hajapoteza pambano. Johnson alikuwepo miaka hiyo yote, anaomba zamu. Ilimbidi amwandame Tommy Burns, aliyekuja kuwa bingwa 1906, mpaka Uingereza na baadaye Australia. Burns alikubali kwa dola 30,000, na tarehe 26 Desemba 1908 pale Sydney alipigwa hata polisi wakaingilia raundi ya 14. Siku hiyo Johnson alikuwa na miaka 30, na miaka yake mingi mizuri ilikuwa imekwisha kupita mlangoni.

Mwambie ami aitafute filamu ya Reno, ipo mpaka leo. Haina sauti na picha zinarukaruka, lakini atazame mikono ya Johnson. Anaidaka ngumi ya mwenzake kabla haijafika, anamkumbatia, anamsemesha, kisha anampiga kwa chini. Hana haraka. Kabla ya Reno, Oktoba 1909, Stanley Ketchel, bingwa wa uzito wa kati, alimwangusha katika raundi ya 12. Johnson akainuka, na shambulizi lililofuata likamlaza Ketchel chali.

Kuhusu Havana, tarehe 5 Aprili 1915, mimi siamini kabisa kwamba aliuza. Najua Johnson mwenyewe alidai hivyo baadaye, na ile picha yake amelala na mkono umefunika macho kama anajikinga jua imewapa watu maneno. Lakini pambano lilifika raundi ya 26! Mtu wa miaka 37, kwenye joto la Cuba, mbele ya Jess Willard, aliyemnyang'anya ubingwa siku hiyo, mwenye urefu wa karibu mita mbili, na raundi za mwanzo Johnson ndiye aliyekuwa mbele. Anayetaka kulala hulala mapema. Tena alikuwa mkimbizi, kwani Marekani walimtia hatiani 1913 kwa kesi iliyojaa chuki ya rangi. Msamaha wa rais aliupata 2018, miaka zaidi ya sabini tangu afariki.

Sasa hoja nzito ya ami: kukimbia vijana. Hapa roho yangu inaniuma. Sam Langford wa Nova Scotia, Kanada, alikuwa mfupi, lakini alipigana na wazito wote waliokubali kusimama mbele yake. Johnson alimshinda kwa pointi 1906 huko Chelsea, Massachusetts, Langford akiwa mwepesi kwake kwa kilo zipatazo 13. Langford akaendelea kukua na kunoleka. Johnson alipoupata ubingwa hakumpa nafasi tena, wala hakumpa Joe Jeannette, yule aliyeangushwa mara 27 na Sam McVey jijini Paris 1909 na bado akashinda, McVey aliposhindwa kuendelea raundi ya 49. Johnson aliujua uchungu wa kufungiwa mlango, na akawafungia wenzake. Simsamehei hilo.

Lakini Dempsey hawezi kupita hapo. Alimwangusha Willard mara 7 katika raundi moja pale Toledo, Julai 1919, na sijapata kuona ngumi za hasira kama zile. Halafu? Harry Wills, mweusi aliyestahili kuliko wote, alimngoja miaka na miaka, hakupewa. Baada ya kumpiga Luis Firpo 1923, Dempsey alikaa miaka mitatu bila kuutetea ubingwa, na aliporudi 1926 Gene Tunney akamnyang'anya kwa pointi. Johnson, kabla ya ubingwa, aliwashinda Langford, Jeannette na McVey. Dempsey hana majina ya namna hiyo.

Kwa hivyo wa kwanza Johnson, wa pili Langford, wa tatu Dempsey. Na kama Langford angepewa zamu yake mwaka 1910, sithubutu kuapa kwamba hao wawili wa juu wangebaki kwa mpango huo.

SWALI: Mzee, mbona mapambano ya zamani yalikuwa ya raundi nyingi hivyo?
*Msomaji, Makunduchi*

JIBU: Sehemu nyingi watu hawakuuamini uamuzi wa pointi, walitaka mmoja ashindwe kusimama. Reno na Havana zote zilipangwa raundi 45. Jimbo la New York liliweka kikomo cha raundi 15 kwa sheria ya 1920, wengine wakafuata. Raundi 12 za leo zilianza baada ya bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, kufariki kutokana na pambano la 1982 lililofika raundi ya 14.