Unavuta tela na Prado ya otomatiki? Imwage hiyo oili

Mkuu, usithubutu. Prado 150 ya dizeli, kilomita 90,000, oili ya gia boksi haijawahi kuguswa, halafu unataka kupandisha tela ya saruji Iringa kwa sababu fundi kakwambia "gia boksi imezibwa hiyo, oili yake ya maisha"? Maisha ya nani? Unauliza ubadilishe lini na uweke oili gani. Jibu ni moja: imwage kabla hujafunga tela.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na fundi anayeheshimika, soda niliyomnunulia mkononi. Nikawa napanda na saruji, nashuka na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, roho kwatu. Mlima Kitonga ukanikomesha. Niko nyuma ya lori linalotambaa, gia inapanda inashuka, inapanda inashuka, mara injini inanguruma, mshale unaruka juu, gari haisogei. Utingo mmoja akaja kuniuliza kama nimesahau kushusha hendibreki. Nilicheka, ningefanyaje.

Gereji walipofungua sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi! Oili mpya ni nyekundu. Yangu ilitoka nyeusi tii, inanuka kuungua, na zile sumaku ndogo za chini zimevaa tope la chuma mpaka hazionekani. Plate za klachi kwisha habari. Gia boksi ya mtumba pamoja na ufundi ilinila bei ya bodaboda mpya. Wife hadi leo tela anaiita mke mwenza. Na yule fundi? Eti "bosi, hukuniambia kama unavuta tela." Ndoano ya tela alichomelea yeye mwenyewe!

Ukipanda na mzigo, toki konveta, kile chombo cha oili kinachounganisha injini na gia boksi, inakoroga oili muda mrefu bila kujifunga izunguke pamoja na injini. Joto linapanda, oili inachoka, plate zinateleza, zikiteleza joto linazidi. Ratiba ya Toyota ya 4Runner kule Marekani, gia boksi ukoo wa A750 kama Prado 150 ya dizeli ya lita 3.0, inamtaka anayevuta tela abadilishe kila maili 60,000, karibu kilomita 97,000. Mimi siifikishi huko. Kila kilomita 40,000 namwaga, iwe nyekundu, iwe nyeusi, sibishani na mtu. Oili yenyewe ni Toyota WS, basi. Ukimwaga kwa nati haitoki yote, nyingi inabaki kwenye konveta, kwa hiyo endesha siku chache umwage tena.

Halafu gia boksi hiyo haina stiki ya kupimia oili. Kiwango kinapimwa gari iko sawa chini, injini inawaka, oili imefika joto linalotakiwa, ndipo inaachwa ichuruzike kwenye nati ya kipimo. Fundi akikwambia yeye anapima kwa macho, chukua ufunguo wako.