Bodi haikai kwenye chasi: tafuta inapogusa, si inapoachia

Mkuu, kwa ulivyoeleza, gari lako ni modeli ya plastiki ya 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi; bodi imeshapakwa rangi, vioo vimeshawekwa, na beseni la ndani lenye viti na dashibodi limeshagandishwa juu ya chasi. Ukishusha bodi, nyuma inakaa vizuri ila mbele inabaki imeinuka kama milimita mbili, zaidi upande wa dereva. Umeifunga kwa raba bendi ukatia supaglu, asubuhi ukakuta imeachia, na sasa unafikiria kujaza mwanya kwa puti.

Puti iweke pembeni kwanza. Mwanya unaouona chini ya madigadi ni matokeo tu. Ndani humo, pengine mbali kabisa na hapo, kuna vipande viwili vinavyokutana mapema kuliko vinavyotakiwa, na bodi nzima imeegemea hapo. Ukiuziba, gari litabaki limeinua pua na boneti nayo haitafunga sawasawa. Tena milimita mbili si kidogo: ukizidisha mara 24 unapata karibu sentimita tano za gari halisi. Uwazi wa mlango kwenye gari halisi ni kama milimita nne, maana yake kwenye modeli yako haufiki hata sehemu ya tano ya milimita moja. Ndiyo maana hata mtu asiyejua magari akiitazama ataona kuna kitu hakijakaa.

Kuhusu supaglu kuachia, hiyo haikunishangaza. Plastiki iliyolazimishwa kupinda haichoki kudai umbo lake, inavuta usiku kucha. Supaglu ikishakauka huwa ngumu lakini haina unyumbufu, kwa hiyo inapobanduliwa kidogo kidogo kutoka ukingoni inakatika. Halafu kama uliitia juu ya rangi, ilishika rangi tu, haikushika plastiki. Angalia pale ilipoachia, nadhani utakuta rangi imetoka nayo.

Sasa kutafuta mguso. Njia ninayoiamini kuliko zote ni plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto. Vingirisha vipira vidogo kama punje za mtama, vibandike juu ya kila kitu kinachoweza kukutana na bodi: juu ya dashibodi katikati na kwenye ncha zake mbili, kwenye kingo za beseni kushoto na kulia, juu ya rejeta, juu ya ukuta unaotenga injini na abiria. Pakaa mafuta kidogo sana upande wa ndani ya bodi ili plastisini isihamie huko. Shusha bodi mpaka inapokataa yenyewe, usisukume zaidi, kisha iinue wima. Kipira kilichobanwa kikawa chembamba kama karatasi ndicho kilichokaa kwenye mguso. Vile vingine vinakwambia kitu muhimu vilevile: unene uliobaki ndio nafasi uliyonayo hapo. Ukiona kipira cha pili kimebaki na unene wa milimita moja, ujue hata ukimaliza mguso wa kwanza, huo wa pili utakusimamisha katikati ya safari, maana wewe unahitaji kushuka mbili. Watu wengi hukata tamaa hapa. Wanakwangua mahali pamoja, bodi inashuka nusu, wanadhani wamekwangua pasipo.

Pale ambapo plastisini haikai, kwa mfano ukingo mwembamba wa kioo, pakaa rangi ya mdomo kidogo upande mmoja uone inachapa wapi upande wa pili. Kalamu ya wino haifai, inakauka kabla hujashusha bodi. Na kama una kitochi kidogo, kiwashe ndani ya gari uchungulie kupitia tao la gurudumu. Palipo na giza ndipo vipande vimekutana.

Kwa kuwa kwako kumeinuka zaidi upande wa dereva, mimi ningeanza na vitu vilivyopo upande huo peke yake. Nguzo ya usukani ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ikigandishwa imeinama vibaya kidogo, inainua dashibodi upande mmoja, na dashibodi inakwenda kugonga ukingo wa chini wa kioo cha mbele. Wa pili ni silinda ya breki, ile inayobandikwa kwenye ukuta wa injini. Ikitokeza kupita kiasi inagonga ndani ya madigadi, na hutaiona boneti ikiwa imefungwa. Wa tatu ni mabaki ya kipande kilipokatwa kutoka kwenye fremu yake, ile ya plastiki inayoshikilia vipande vikiwa bado kwenye boksi. Kisiki cha nusu milimita kwenye ncha ya dashibodi kinatosha kabisa kuharibu hesabu, na kwa sababu kipo sehemu iliyojificha hakuna anayejisumbua kukipiga msasa.

Kuna gari moja la Kimarekani la 1/25 nililijenga, la kalibu la zamani, lilikuwa na ugonjwa huuhuu wako. Rejeta ilishukiwa, dashibodi ikashukiwa, vyote vikaonekana safi. Plastisini ndiyo iliyosema: chini ya sehemu ya bodi inayopokea vifuta mvua kulikuwa na alama mbili za duara, zile zinazoachwa na pini zinazosukuma kipande kitoke kwenye kalibu. Kwa kawaida alama hizo huwa zimezama au ziko sawa na uso wa plastiki, lakini hizi zilikuwa zimechomoza, na zilikuwa zinakanyaga ukuta wa injini moja kwa moja. Nilizikwangua kwa kisu mpaka zikawa sawa na plastiki ya pembeni, bodi ikashuka yenyewe bila kuguswa kwingine. Tangu hapo, sehemu za ndani za bodi mpya huwa napitisha kidole kabla ya kufanya lolote.

Ukishaujua mguso, kanuni ni moja: punguza kipande kisichoonekana. Kama kioo kinagonga dashibodi, usikiguse kioo. Plastiki ya vioo ni kavu, inapasuka ukiikaba, na mkwaruzo wake unaonekana kutoka mbali. Punguza juu ya dashibodi, pale panapoingia chini ya kioo. Kama kingo za beseni zinagonga mdomo wa vioo vya pembeni, punguza kingo za beseni. Kwa sehemu zilizojificha msasa wa 240 unatosha, hakuna haja ya kuzilainisha. Mimi napenda zaidi kukwangua kwa kisu, nikikisimamisha wima na kukiburuta, kwa sababu kinatoa plastiki kidogo kidogo na hakitupi vumbi juu ya viti. Kwangua kidogo, jaribisha, kwangua tena. Plastiki iliyotoka hairudi kirahisi.

Beseni lako limeshagandishwa, hiyo inakubana lakini si mwisho. Kama ulitumia gundi ya plastiki, ile ya majimaji inayoyeyusha, vipande vimekuwa kitu kimoja, usijaribu kuving'oa. Fanyia kazi kutoka juu kama nilivyosema. Kama ni supaglu, weka chasi kwenye friza saa kadhaa, kisha ingiza kisu kwenye maungio taratibu. Baridi huifanya supaglu kuwa kavu zaidi, mara nyingi inaachia kwa mlio mdogo. Likishatoka, kwangua chini ya beseni badala ya juu, literemke lote kwa pamoja. Hiyo ndiyo njia safi kuliko zote, ila chunguza kwanza kama sakafu ya beseni haijakaa juu ya vinundu vya ekzosi au ekseli.

Usisahau rangi. Praima (rangi ya msingi), rangi na vanishi vikikutana vinaweza kufika sehemu ya kumi ya milimita kila upande. Kwenye uso wa mlango si kitu, lakini pale ulimi unapoingia kwenye tundu, rangi ipo pande zote na nafasi inakwisha. Kwangua rangi kwenye ndimi na matundu yote, gundi nayo itakushukuru. Sehemu zenye kromu hali kadhalika: bampa la kromu lenye miguu iliyoachwa na kromu yake halitaingia hadi mwisho, na gundi ya plastiki haitalishika.

Kabla ya yote hayo, dakika moja tu: weka chasi juu ya kipande cha kioo au kigae kilichonyooka. Ikiyumba kwenye pembe, chasi imepinda. Itumbukize kwenye maji ya moto, yasiwe yanatokota, sekunde chache, ipinde kidogo kinyume, ishike mpaka ipoe, rudia. Polistirini hulegea inapokaribia nyuzi 100, kwa hiyo usiwe na haraka. Bodi yenyewe usiitumbukize kabisa, rangi yako itaharibika, na nguzo za paa ni nyembamba, zinapinda kabla ya kitu kingine chochote.

Jambo jingine ni njia ya kuingia. Bodi nyingi zimejikunja kwa ndani chini ya milango, kwa hiyo chasi haiwezi kupanda wima. Inabidi ianze ncha moja, halafu utanue pande za bodi kwa vidole gumba na kuzungusha ncha ya pili iingie. Wewe umeanza na nyuma. Jaribu kuanza na mbele, ncha ya chasi ipite kwanza chini ya bampa, ndipo nyuma ishuke. Wakati mwingine chasi inakuwa imesogea nyuma milimita moja tu, na ncha yake inakanyaga mdomo wa bodi badala ya kupita chini yake. Ukikuta ni hivyo, umebahatika, hukwangui kitu.

Bodi ikishakaa bila kushikiliwa, ndipo gundi. Tumia gundi ya epoksi sehemu chache za ndani, chini ya milango, penye plastiki tupu, kisha funga kwa maski tepu. Supaglu usiisogeze karibu na vioo, mvuke wake unaviwekea ukungu mweupe. Na kama miguso yote imekwisha halafu bado kuna mwanya mwembamba, ambayo hutokea kwa nadra, bandika utepe wa plastiki wa nusu milimita kwenye ukingo wa chasi uupake nyeusi. Hautaonekana, na rangi ya bodi utakuwa hujaigusa.

Ukikwama, toa magurudumu ya mbele, washa kitochi ndani, piga picha kupitia tao la upande wa dereva na nyingine kupitia upande wa pili, zote bodi ikiwa imeshushwa. Nikiziona mbili pamoja nitaweza kukwambia kama ni usukani au ni ile silinda ya breki.