Draiva mpya, skrini nyeusi: maswali yenu

Nimesasisha draiva ya kadi ya grafiki. Sasa naona nembo ya Windows, kisha giza. Kadi imeungua?

Sidhani. Kadi iliyokufa kwa kawaida haikuonyeshi hata hiyo nembo. Giza likiingia baadaye, shuku draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, iliyopakiwa wakati huo. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva ya picha huanza upya bila kuzima kompyuta, na mara nyingine hilo linatosha. Ikigoma, subiri Windows inapoanza kuwaka, uzime kwa kushikilia kitufe cha kuwashia kompyuta. Rudia mara mbili tatu hadi ukurasa wa ukarabati ujitokeze. Humo ingia kwenye mipangilio ya uwashaji, iwashe tena, kisha bonyeza 4 uingie hali salama (Safe Mode). Picha itakuwa kubwa na mbaya, lakini utaiona. Fungua orodha ya vifaa vya kompyuta, gusa kadi yako, nenda sehemu ya draiva, urudishe ile ya zamani.

Tahadhari: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda data, huenda ukaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute mapema, kwa simu, kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Kitufe cha kurudisha draiva kimefifia, hakibonyezeki.

Windows haina nakala ya draiva ya zamani. Ondoa iliyopo, ukiweka alama kwenye kisanduku cha kufuta na mafaili yake, kisha pakua toleo la nyuma; NVIDIA, AMD na Intel huyahifadhi kwenye tovuti zao. Mwenye laptopu aanze kwa kampuni iliyoiunda. Wengi hukimbilia programu ya DDU inayofagia mabaki yote. Mimi huitoa kabatini njia ya kawaida ikishindwa tu, tena nikiwa nimekata intaneti, la sivyo Windows inaniwahi na kupachika draiva yake.

Tangu nisasishe, gemu zinakwamakwama, hasa mwanzoni.

Subiri. Draiva ikibadilika, akiba ya sheda (programu ndogo zinazochora picha za gemu) hutupwa na kutengenezwa upya unapocheza. Siku mbili tatu zikipita bila nafuu, rudi toleo la nyuma.

Napata ujumbe kwamba draiva iliacha kujibu, kisha ikarudi.

Tangu Vista, Windows huipa kadi sekunde 2 ijibu. Zikipita, huianzisha upya. Ujumbe ukianza siku ile ile ya kusasisha, rudisha ya zamani. Kama ulikuwapo kabla, unaisingizia draiva: angalia vumbi, joto, umeme, na kama uliongeza kasi ya kadi.

Skrini ya pili haionekani tena.

Kebo kwanza! Nilishamaliza jioni nzima nikiondoa na kusakinisha draiva, kumbe nilikuwa nimeichomeka kwenye ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) badala ya kadi. Sikumwambia mtu.

Basi nisisasishe tena?

Sasisha ukiwa na sababu: gemu mpya, kasoro inayokusumbua, au tundu la usalama lililozibwa. Isipokuwa kwa tundu la usalama, kungoja wiki hakuna hasara. Machi 2010 NVIDIA iliondoa draiva yake 196.75 baada ya watumiaji kulalamika kwamba feni hazidhibitiwi ipasavyo na kadi zinapata joto kupita kiasi. Waliongoja waliyasoma malalamiko hayo tu.