Shangazi, mke wangu hajui bei ya baiskeli na sasa nataka rimu mpya

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 43, ni mhasibu, naishi Tabata na mke wangu na watoto watatu. Miaka miwili iliyopita daktari alinikuta na presha, akaniambia nipunguze tumbo. Nikaanza kukimbia, kisha kijana mmoja wa ofisini akaniingiza kwenye kundi la triathloni, ule mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Nilianza na baiskeli ya mtumba. Mwaka jana nikanunua ya kaboni kwa shilingi milioni 4 na laki 8. Mke wangu nilimwambia laki 9.*

*Wenzangu wanajiandaa kwenda Rwanda kwenye mashindano ya nusu Ironman. Wengi wao wana rimu nene za kaboni, mimi nina za kawaida, na kila Jumapili naachwa. Fundi amenipatia seti kwa milioni 2. Nikijumlisha kiingilio, tiketi, hoteli na kusafirisha baiskeli, nahitaji kama milioni 5 na nusu. Nafikiria kukopa SACCOS ya kazini. Kuogelea bado kunanisumbua kidogo ila nitazoea. Kinachonitesa zaidi ni kwamba hamu imepungua. Alamu ikilia saa kumi na nusu alfajiri naizima nalala. Naamini nikipata vifaa vizuri moyo utarudi. Nishauri.*

*Mwendesha Baiskeli, Tabata*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma kwa kalamu nyekundu, kama wewe unavyosoma vitabu vya hesabu. Rimu umezieleza kwa kirefu hadi bei ya fundi. Mkeo amepata sentensi moja. Maji yamepata nusu sentensi, tena umeyapita mbio kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Nitaanza na hayo maji, maana rimu hazijawahi kumzamisha mtu.

“Kunanisumbua kidogo” maana yake nini? Mashindano ya Rwanda mnayoyasema yalianza mwaka 2022 pale Rubavu, kwenye Ziwa Kivu. Nusu Ironman ni kuogelea mita 1,900, kisha baiskeli kilomita 90, kisha kukimbia kilomita 21. Katika bwawa la hoteli lenye urefu wa mita 25, hizo mita 1,900 ni kwenda na kurudi mpaka zitimie safari 76, bila kushika ukingo. Wewe unafika ngapi kabla hujashika? Hukuniandikia, na mhasibu asipoandika namba najua namba yenyewe si nzuri.

Kama mazoezi yako ya majini ni ya Coco Beach, basi chumvi imekusaidia zaidi ya unavyojua. Maji ya bahari humwinua mtu. Kivu ni ziwa la maji yasiyo na chumvi, huko miguu itataka kuzama nawe utailipia kwa pumzi. Hakuna mstari wa kufuata chini, unainua kichwa kutafuta boya, na pembeni yako kuna watu wanaokupiga mateke bila kukusudia. Halafu kuna saa. Kwa kawaida mbio za umbali huo hutoa kama saa moja na dakika 10 za kuogelea. Ukizidisha, unatolewa. Hebu fikiri: umekopa milioni 5 na nusu, umevuka mpaka, baiskeli imetundikwa kwenye chuma chake ikiwa na rimu mpya, na jioni unaikunja kwenye boksi haijazunguka hata mara moja.

Hilo ni la aibu tu. Kuna la hatari. Madaktari wa Marekani walikusanya vifo na matukio ya moyo kusimama katika triathloni za nchini mwao tangu 1985 hadi 2016, wakayachapisha mwaka 2017. Matukio yalikuwa 135, na theluthi mbili yalitokea majini. Asilimia 85 walikuwa wanaume, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 47. Sikutishi, mwanangu, maana ukilinganisha na maelfu kwa maelfu ya washiriki, hao ni wachache. Lakini wewe ni mwanaume, umevuka 40, na ulianza mchezo huu kwa sababu ya presha. Katika barua yote hujaniambia presha sasa inasoma ngapi wala kama unameza dawa.

Nenda kapime wiki hii. Ukifika kwa daktari usimwambie “nafanya mazoezi,” kwa sababu atadhani unatembea jioni. Mwambie kilomita. Mwambie mita za majini. Mtajie jina la dawa kama unatumia, kwa kuwa zipo za presha zinazozuia moyo usipande kasi na zipo zinazokupunguzia maji mwilini, na vyote viwili vina maana kubwa kwa mtu anayekaa juu ya baiskeli juani saa tatu na zaidi. Akitaka kukupima moyo, lipa. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza ya mchezo wako, na kwenye hesabu zako haimo kabisa.

Sasa rimu. Uko sahihi kwamba zile nene hupasua upepo vizuri zaidi. Ukishavuka kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zako inaishia kupigana na upepo. Ila huo upepo haupigwi na magurudumu, unapigwa na kifua chako, mabega yako, na ile fulana inayopepea mgongoni. Mwili wa mwendeshaji ndio mzigo mkubwa mbele ya upepo kuliko baiskeli nzima. Kwa hiyo kabla ya milioni 2, mwombe fundi mwaminifu akuwekee siti na usukani vizuri, ujifunze kukunja viwiko na kuinama bila kuumwa mgongo, vaa nguo inayobana, funga tairi nzuri na uzipe upepo unaotakiwa. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya milioni hizo mbili. Rimu zitakuongezea dakika chache katika kilomita 90, na dakika chache zina thamani kwa anayegombea kombe. Wewe unagombea kutoka majini.

Nikuongezee jambo ambalo wenzako huenda hawajakwambia. Rimu nene hukamata upepo wa ubavuni. Kwa mtu anayeendesha Barabara ya Bagamoyo huku lori likimpita jirani kabisa, ule mtikisiko wa usukani si mchezo. Na kuachwa Jumapili kusikuumize kichwa. Jumapili mnaendesha kwa kufuatana, wa nyuma anabebwa na kivuli cha wa mbele, kwa hiyo ukikatika kidogo tu umebaki peke yako. Kwenye mbio za ridhaa za aina hiyo kumfuata mtu mgongoni hairuhusiwi, unatakiwa uache mita kadhaa au unapewa adhabu. Kwa hiyo kile unachojipimia kila Jumapili, huko Rubavu hakipo.

Kuhusu vifaa vingine sina mengi. Helmeti nzuri, miwani ya kuogelea isiyovuja, viatu vya kukimbia vinavyokutosha, tyubu za akiba na pampu. Suti ya mpira ya kuogelea wasikuuzie. Bahari yetu ni ya joto, na maji yakiwa ya joto kanuni zenyewe huikataza. Saa ya GPS uliyo nayo inatosha, na usiniambie huna, naijua hali ya makundi ya WhatsApp.

Pesa uliyotaka kuweka kwenye magurudumu, chukua kipande tu umlipe mwalimu wa kuogelea. Watu wazima wengi huchoka mapema majini kwa sababu wanapiga maji kwa nguvu na kubana pumzi. Anayejua atakurekebisha kichwa na mkono, na baada ya miezi kadhaa ya kwenda mara mbili kwa wiki utashangaa. Baharini nenda maji yakijaa, tazama ratiba ya kupwa na kujaa kabla hujatoka nyumbani, na usiingie peke yako. Kusi ikivuma kwa nguvu, baki bwawani.

Tuje kwa mama watoto.

Tofauti kati ya ulichomwambia na ulicholipa ni milioni 3 na laki 9. Unasema “hajui.” Mwanamke anayelisha watoto watatu Tabata anajua bei ya kila kilichoingia mlangoni kwake. Pengine mke wa mwenzenu mmoja wa Jumapili wako naye kikoba kimoja. Pengine amewahi kuona tangazo la baiskeli kama hiyo kwenye simu. Inawezekana anakusubiri useme mwenyewe, na kila mwezi unaopita bila kusema anauhesabu. Na wewe sasa unataka kuongeza mkopo juu yake. Huo wa SACCOS una wadhamini, wafanyakazi wenzako, ambao ukiyumba watakatwa wao. Utawaambia unakopea nini? Na Januari ada za watoto watatu zikifika, makato ya rimu yatakuwa bado yanaendelea.

Hamu yako haijapotezwa na rimu za kawaida. Angalia ulivyoandika: wakati wa baiskeli ya mtumba ulikuwa unaamka. Ulikuwa unakimbizana na presha yako mwenyewe, na mkeo alikuwa anaona tumbo linapungua, anafurahi. Sasa unakimbizana na picha za kundi. Kila alfajiri unapita kimyakimya sebuleni, unaitoa stoo baiskeli ambayo bei yake ni siri, na unaondoka kabla hujaulizwa swali. Hata mimi ningezima alamu. Vifaa vipya vitakupa furaha ya wiki tatu, kisha utaanza kutazama saa ya mwenzako.

Pia inawezekana umechoka tu, uchovu wa kawaida wa mwili. Anayeamka saa kumi na nusu anatakiwa awe amelala saa tatu usiku, na nina wasiwasi kwamba saa tatu wewe bado uko kwenye foleni ya Buguruni. Punguza. Alfajiri nne kwa wiki zinatosha, siku moja ulale hadi jua likuone. Jumamosi kuogelea kwako kufanye na watoto, nao wafundishwe. Ni jambo la kumtajia mama yao, na kwa mji wa pwani ni aibu watoto kukua bila kujua kuogelea.

Usidhani nakudharau kwa kupenda kuonekana. Ironman yenyewe, ile nzima ambayo yenu ni nusu yake, ilizaliwa na majigambo. Ironman ya kwanza, Hawaii, Februari 1978, ilikuwa na wanaume 15 tu, 12 wakamaliza, na mshindi Gordon Haller alitumia saa 11 na dakika 46. Karatasi waliyopewa iliwaorodheshea umbali wa kila hatua, kisha ikawaahidi kujisifu maisha yao yote. Hawakuwa na rimu za kaboni. Majigambo yao yalikuwa ya kufika.

Kumwambia mkeo, fanya hivi. Usinunue zawadi kwanza, atanusa. Usimlete mchungaji wala shemeji. Watoto wakilala, kaa naye, anza na namba: “Ile baiskeli ni milioni 4 na laki 8, na risiti hii hapa.” Usianze na presha, usianze na stresi za kazini. Kisha nyamaza, hata akinyamaza muda mrefu. Habari ya Rwanda usiitaje usiku huo kabisa. Akisema iuzwe, iuze, na ukubali hasara yake bila kununa, maana ya mtumba ilikutosha. Akisema ibaki lakini naye apewe kiasi kama hicho kwa mradi wake, hilo ni dai la haki na utalilipa kidogo kidogo. Mkopo wa SACCOS usahau hadi mazungumzo hayo yaishe, na yakiisha nadhani hutautaka.

Kama akikubali baadaye uende Rubavu, kuna njia ambayo hujaifikiria. Mashindano mengi ya umbali huo huruhusu timu ya watu watatu: mmoja anaogelea, mmoja anaendesha, mmoja anakimbia, na kiingilio mnagawana. Wewe chukua baiskeli, ndiyo unayoipenda, kwa rimu ulizo nazo. Hatua zote tatu utazifanya peke yako ukishaogelea zile safari 76 bila kushika ukingo. Haraka haipo, sista mmoja wa Kikatoliki wa Marekani, Madonna Buder, alimaliza Ironman nzima mwaka 2012 akiwa na miaka 82. Uliza kwenye kundi lenu nani anaogelea vizuri ila hana baiskeli ya maana. Lazima yupo, na anaona haya kusema.