Shangazi anajibu: "Nalala mu maombi, Mungu amenichoka?"

Mwanangu wa Kadutu, hapa Bukavu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema ulinunua kaye (daftari) ya maombi, ukachora mistari, kila usiku unaamuka saa tisa unaomba mpaka saa kumi na moja, Jumatano na Ijumaa unafunga, ila wiki tatu sasa usingizi unakushinda, kaye imejaa misalaba ya bik nyekundu ya siku ulikosa, na kiongozi wenu wa maombezi akakuambia eti ju ya uvivu wako njo maana bwana yako hapati kazi. Sasa umeacha kuomba, unangoja kwanza ujipange njo urudi kwa Mungu.

Naanza na kitu uliandika pa mwisho kabisa kama ya kupitisha tu, kwamba uko unanyonyesha mutoto wa miezi ine na saa kumi na mbili uko ku ziwa kuchukua sambaza, wale samaki wadogo wa kuuzisha. Mama wee! Kula, mwanangu. Kunywa maji, lala. Mungu mwenyewe njo aliweka usingizi mu mwili.

Sasa ile ya kungoja ujipange, pale njo sikubali kabisa. Soma Luka 18. Yule Mufarisayo naye alikuwa na kaye yake, ya mu kichwa: nafunga mara mbili kwa juma, natoa zaka. Mtoza ushuru hakuwa na kitu ya kuandika, alisimama mbali, akapiga kifua, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", na Yesu anasema huyo njo alirudi kwake amehesabiwa haki. Hakungoja aache kwanza ile kazi yake mbaya. Na Petro, alilala Gethsemane usiku ule mubaya kuliko zote, Yesu akasema roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu.

Sisemi utupe nidhamu, hapana, mimi bila saa nasahauka. Lakini wee unajua vile tunafanyaka hapa Bukavu mvua ikianza, kila mama anakimbiza beseni chini ya mabati. Beseni haileti mvua. Ni kuiweka fasi inaanguka, basi. Wee uko unachapa beseni ju haina maji.

Fanya fupi. Wamonaki wa zamani kule jangwani Misri, Yohane Kasiano aliandika habari yao mu karne ya 5, walikuwa wanarudilia mustari moja tu ya Zaburi 70: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Wakatoliki mpaka leo wanafungua nayo sala za vipindi. Iseme ukipandisha mulima na sambaza ku kichwa, iseme mutoto akikuamusha, na ukilala katikati ya maneno, umelala mu mikono ya nani?

Kiongozi wenu, mwambie kwa heshima kwamba Paulo aliomba mara tatu ule mwiba wa mu mwili wake utoke, akajibiwa "Neema yangu yakutosha", na sijasikia mutu akimuita Paulo mvivu. Kazi Bukavu iko ngumu hata kwa benye wanakesha.

Na ile kaye usiichome, si bado iko na kurasa? Andikia humo madeni ya bateja wa sambaza, ju unasema banakukopaka na wee unasahau.