Mbu na ujauzito wa miezi sita

Dada yangu wa Lamu, umeuliza kwa nini mbu, ambao zamani walikupita wakamwendea mumeo, sasa wanakuandama wewe mwenye ujauzito wa miezi sita, na kwa nini mafuta ya kufukuza mbu unayojipaka baada ya Magharibi hayafiki saa nne usiku.

Si dhana yako tu. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wajawazito walivutia mbu wa malaria takriban mara mbili kuliko wanawake wasio na mimba, kwa kuwa walitoa pumzi nyingi zaidi kwa asilimia 21, na tumbo lao lilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 0.7. Mbu akiwa mbali hufuata hewa ya pumzi. Akikaribia, huongozwa na joto na harufu ya ngozi.

Ama mafuta, jasho ndilo linaloyaondoa, sembuse katika vichochoro vyetu visivyopitisha upepo. Soma kwenye chupa kiasi cha DEET, yaani dawa yenyewe inayofukuza mbu: asilimia 20 hadi 30 hukinga kwa saa kadhaa, na mjamzito anaruhusiwa kuitumia akifuata maelezo. Jipake tena ukitoka jasho jingi au ukioga, lakini si chini ya nguo. (Udi unanukia vizuri, ila usiutegemee.)

Usilale bila chandarua chenye dawa. Kiulizie kliniki ya wajawazito. Kisha chungulia birika la nyumbani, lile tangi la kuhifadhia maji. Wazee walifuga humo samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na kama la kwenu lina maji bila samaki, mbu wanazaliwa hatua chache kutoka kitandani pako.