Heda wazi na familia ndani? Mkuu, usitoke Jumamosi

Hapana mkuu, hapana kabisa. Unasema umefunga heda (yale mabomba yanayokusanya moshi kutoka kila silinda ya injini) kwenye Toyota Mark II, bomba la kupeleka moshi nyuma bado hujapata, fundi kakwambia endesha tu wiki mbili hivyo hivyo "injini ipumue", unauliza kama valvu zitaungua, kama gari itaongezeka nguvu na kama trafiki watakusumbua, halafu mwishoni ndo unataja kwamba Jumamosi unapeleka mke na watoto Tanga. Hapo ndo nimeshtuka. Hayo maneno ya injini ipumue niliambiwa na mimi, na fundi niliyemwamini miaka minne.

Yangu ilikuwa Mark II ya GX100, injini ya 1G ya silinda sita. Masega (kile kichujio cha kupunguza sumu ya moshi) yaliziba, fundi akang'oa mpaka silensa, akafunga heda, bomba akasema tutachomelea mwisho wa mwezi. Ndani ya siku tatu gari kwenye mizunguko ya chini haina nguvu, mpaka uvute mizunguko elfu nne ndo inaamka, mafuta inakunywa kama basi, nikafungua plagi zikawa nyeusi tii zina masizi. Sababu nimekuja kuijua baadaye: heda ikiwa wazi, moshi ukitoka kwa mapigo unavuta na hewa ya nje irudi ndani, sensa ya oksijeni iko hapo hapo jirani inaonja ile hewa, kontroboksi (kompyuta ya injini) inadhani mafuta ni machache inazidi kumwaga. Wale wa mashindano ya drag wanafungua heda kwa sababu wanakanyaga mpaka mwisho mita 400 tu na gari imesetiwa mafuta kwa kazi hiyo, sio foleni ya Kimara na mtoto kiti cha nyuma.

Sasa unganisha mwenyewe. Mafuta yamezidi yanaungua nusu nusu, yanatoa monoksidi ya kaboni kibao, masega ambayo yangeipunguza hayapo, na mdomo wa moshi uko chini ya miguu yako. Ile gesi haina rangi wala harufu na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Tulikuwa tunaenda Morogoro, mvua, vioo vyote juu, foleni imesimama Mlandizi karibu saa nzima. Moshi unapanda boneti, pale chini ya kioo cha mbele ndo AC inavuta hewa, na mpira wa gia wangu ulikuwa umechanika. Mke wangu akaanza kulalamika kichwa, nikamwambia ni kelele. Akasema anataka kutapika, nikasema ni njaa. Binti yangu wa miaka minne alikuwa kashika kipande cha muwa, nikamuona kwenye kioo amelala, muwa bado uko mkononi haujatafunwa. Mama yake akamwita, akamwita tena, kimya. Nikafungua mlango nikambeba mvuani, miguu yangu yenyewe haina nguvu, hata gari sijazima. Alifungua macho baada ya muda ambao siwezi kukwambia ulikuwa mrefu kiasi gani. Tulipofika hospitali akawekewa oksijeni mpaka usiku.

Yule fundi nilipomfuata akaniambia "si ungeshusha vioo tu bosi". Ushushe vioo! Nilitamani kulia kwa hasira. Gari ikisimama moshi unatanda pande zote, vioo vikiwa chini unaingia vilevile. Mtu analipwa kufunga ekzosti, hajui moshi unaua, na kesho anamfungia mwingine.

Kwa hiyo kwangu kuna sheria moja: moshi utokee nyuma ya mtu wa mwisho aliyekaa kwenye gari. Nguvu, mlio, bei, vyote baadaye. Kama hela ya silensa nzuri huna, chukua bomba lolote zima na silensa ya mtumba, fundi wa kuchomelea aunganishe kwenye heda mpaka nje ya bampa la nyuma, gasketi mpya kwenye maungio, halafu gari ikiwa ya baridi washa, mwenzako azibe mdomo wa nyuma kwa kitambaa kinene sekunde chache, wewe usikilize kama kuna pa kupumulia njiani. Hiyo kazi ni nusu siku.

Kama haitawahi Jumamosi, Tanga kuna mabasi asubuhi mpaka jioni. Wakatie tiketi.